Laki mbili kwa mwezi kwa kamera ya wikendi: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nina kamera ya Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo, ile ya 18-55. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga picha kwa mapenzi tu: mapango ya Amboni, majengo ya enzi za Wajerumani, madau yakirudi na samaki, jua likichomoza Raskazone. Watu wananisifu na kila mara naambiwa niziuze. Sitaki kuacha kazi. Nikipata laki moja na nusu hadi laki mbili kwa mwezi nitashukuru. Nimefikiria kuziweka kwenye zile tovuti za kuuza picha kimataifa. Pia mwenzangu kazini anaoa Desemba na anataka nimpigie harusi kwa bei ya kirafiki. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, wanaokusifu hawakudanganyi. Tatizo ni kwamba anayesifu picha na anayelipia picha ni watu wawili tofauti, na aghalabu hawajuani. Anayelipa ana shida inayomkera leo. Mwenye gesti haoni wageni kwa sababu vyumba vyake vilipigwa kwa simu, usiku, taa ya tyubu ikiwaka. Dada anayeuza madera anarudishiwa mzigo kwa kuwa rangi aliyoiona mteja kwenye picha siyo aliyoipokea. Kijana aliyeko Maskati anataka picha ya heshima ya bibi yake kabla hajazidiwa na uzee. Wote hao ukiwatafuta utawapata kwa nauli ya bodaboda, na hizo laki mbili zako ninaziona zaidi mikononi mwao kuliko kwa mgeni wa New York ambaye hajawahi kuisikia Raskazone.

Tuanze na tovuti, maana umeziuliza. Shutterstock tangu Juni 2020 humlipa mpiga picha kwa ngazi, kuanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya picha zake zilizopakuliwa, na kila tarehe 1 Januari wote hurudishwa ngazi ya chini kabisa. Picha iliyopakuliwa na mteja mwenye kifurushi cha mwezi yaweza kukuletea senti 10 za dola. Kwa kiwango hicho, mpaka zipakuliwe mara mia ndipo upate dola 10. Adobe Stock hutoa asilimia 33 kwa picha, ila huwezi kuchukua fedha zako mpaka salio lifike dola 25. Halafu kuna kodi: kampuni hizo ni za Marekani, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, sehemu ya mapato inayotokana na wanunuzi wa huko hukatwa asilimia 30 kabla hujaiona. Na kabla hujapakia hata picha moja, hakikisha njia ya malipo ya tovuti husika inakuruhusu kupokea fedha ukiwa Tanzania, siyo kutuma tu. Mkenya anaweza kuhamisha salio lake la PayPal kwenda M-Pesa. Wewe usichukulie kwamba mambo ni hayo hayo upande huu wa mpaka.

Kuna jingine linaloniudhi zaidi ya hayo yote. Jua linalochomoza baharini ni miongoni mwa picha zilizojaa sana kwenye maghala hayo, na tangu Desemba 2022 Adobe Stock inapokea hata picha zilizotengenezwa na akili bandia. Kompyuta inatengeneza macheo mia kabla hujamaliza kufunga tripodi yako. Kisichotengenezeka kirahisi ni kile unachokipita kila siku ukienda kazini: mnada wa samaki, muuguzi akipima presha, wakala wa fedha za simu kibandani, mafundi cherehani wawili wakibishana juu ya kitambaa. Wahariri wa vitabu na mashirika hutafuta picha za maisha ya kawaida ya Afrika zilizopigwa na mtu anayeyaelewa. Ila picha ya namna hiyo ikitumiwa kwenye tangazo, kila sura inayotambulika lazima iwe na fomu ya ridhaa iliyosainiwa, na kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi. Bila fomu, unaiuza kwa matumizi ya habari na elimu tu. Kama unapenda, pakia picha chache kila mwezi na usihesabu chochote kwa mwaka mzima. Usiipangie bajeti.

Sasa njoo nyumbani. Ningekuwa wewe, ningeanza na gesti na hoteli ndogo, na nina sababu. Kitanda hakichoki, hakichelewi, hakiulizi mbona umeninenepesha. Ukikosea unapiga tena. Mwenye gesti mwenyewe anaona faida kwa jicho, kwa sababu picha zake za zamani zimo kwenye simu na anaweza kuzilinganisha papo hapo. Na lenzi yako ya 18-55 inatosha: upande wa milimita 18 unakipata chumba cha kawaida chote bila kukipinda kupita kiasi.

Nenda asubuhi, mwanga ukiwa umeshaingia ndani, lakini jua lisipige kitandani moja kwa moja. Fungua mapazia, zima taa za tyubu, maana ukichanganya mwanga wa dirishani na wa tyubu shuka jeupe litapata rangi mbili na hutaweza kuziondoa zote. Weka kamera kwenye tripodi kwa urefu wa kifua, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) iwe 100, tumia kile kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera, na acha lenzi ichukue mwanga kwa nusu sekunde au hata sekunde nzima. Hakikisha kuta zimesimama wima. Ukiinamisha kamera kidogo tu, ukuta unaonekana unaanguka, na mtazamaji hajui kwa nini chumba hakimvutii. Piga mara mbili pembe ile ile: moja ya chumba, moja yenye giza zaidi ili dirisha lisiwe doa jeupe, halafu uziunganishe kwenye kompyuta.

Lakini kazi kubwa iko kabla ya kubonyeza. Toa ndoo. Toa kipande cha sabuni kilichotumika. Ivue rimoti ile nailoni yake. Omba shuka lipigwe pasi likiwa kitandani kama pasi inafika. Choo na bafu vipige kwa uangalifu kuliko hata kitanda, kwa sababu msafiri mwenye familia huangalia huko kwanza, na gesti nyingi huficha sehemu hiyo, jambo linalomfanya mtu awaze mabaya zaidi ya yaliyopo. Usisahau mlango wa mbele kama unavyoonekana kutoka barabarani, maegesho, na chai ya asubuhi ikiwa mezani. Kitu kimoja nakusihi: usifanye chumba kidogo kionekane ukumbi. Mgeni akifika na kukuta tofauti, ataandika malalamiko yake Booking.com, na mwenye gesti atakayeyasoma atamkumbuka mpiga picha.

Utampataje wa kwanza? Chagua gesti moja inayokupendeza, ingia na mwambie mwenyewe au meneja kwamba utapiga chumba kimoja bure, dakika ishirini. Mwonyeshe matokeo kesho yake, picha yake ya zamani kando ya yako, kwenye simu yake mwenyewe. Vyumba vilivyobaki vina bei. Huo ndio mwisho wa bure. Atakayekuambia «piga tu vyote, utapata jina» mwache, jina halinunui bando.

Wauzaji wa nguo nawapenda kwa sababu nyingine: wanarudi. Gesti ukiipiga leo huenda usiitwe tena mwaka mzima, lakini anayeuza madera, vitenge au mitandio kwenye Instagram na vikundi vya WhatsApp anapokea mzigo mpya kila baada ya wiki chache. Wewe unataka kipato cha mwezi, kwa hiyo mteja wa namna hii mmoja ana uzito kuliko sherehe moja kubwa. Shida yake ni rangi. Piga nje kwenye kivuli cha ukuta au baraza, usipige chini ya mti. Majani yanarudisha ukijani wake kwenye kitambaa cheupe na kila mtu atadhani kimechakaa. Kabla ya kuanza, shika karatasi nyeupe mahali nguo itakapokaa na uifundishe kamera kwamba huo ndio weupe. Weka alama ya utepe sakafuni pa kusimama kamera na pa kusimama nguo, ili vipande thelathini vitoke na ukubwa mmoja, mwanga mmoja. Toza kwa kipande. Wapishi wa keki wa majumbani nao wana shida inayofanana, ila huko lazima uwe karibu na mwepesi, maana keki inasubiri kuondoka. Dirisha moja na kipande cheupe cha karatasi ngumu au boksi la styrofoam upande wa pili wa keki vinatosha.

Kisha wazee. Hapa ndipo ninapoona mapenzi yako ya picha yatakutana na pesa bila kuumizana. Pwani yetu familia zimetawanyika: mmoja yuko Tanga, wawili Dar, mmoja Maskati au Dubai, mwingine London. Wote wana picha za mama yao, lakini ni za simu, mama amekatwa kichwa au anatafuna. Ukitangaza kwa watu unaowajua kwamba unakwenda nyumbani, unampiga mzee akiwa amevaa anavyopenda, kwenye kiti chake, kisha unaleta picha iliyosafishwa ikiwa ndani ya fremu na nakala za kutuma, ujumbe huo utatembea wenyewe kwenye kundi la familia. Anayelipa mara nyingi ndiye aliye mbali.

Kumpiga mzee hakuhitaji studio. Kiti karibu na mlango au dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, ukuta wa nyuma uwe mbali kidogo. Kama nyuma kuna uwanja unaong'aa kwa jua, kamera itadanganyika na kuutia uso giza. Tumia kile kitufe chenye alama za jumlisha na kutoa, ongeza theluthi mbili au kipimo kimoja kizima, uangalie uso na usijali uwanja. Kanzu nyeupe ni mtihani wa upande wa pili: ukiongeza sana inapoteza mikunjo yake na kuwa bango. Ndiyo maana kazi ya malipo piga faili la RAW, lina nafasi ya kurekebisha ambayo JPEG haina. Mpe mzee muda. Picha kumi za mwanzo ni za kamera, anakaza mabega kama yuko uhamiaji. Mwulize alisoma wapi, au nani alikuwa fundi wa nyumba hii. Na kama mzee hataki kupigwa, kwa sababu za dini au kwa kuwa hataki tu, funga begi, kunywa chai, ondoka. Mtoto wake aliyelipa kianzio mrudishie.

Ukishamaliza, andika ndani ya jina la faili jina kamili la mzee, mtaa na tarehe. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za studio hiyo zilizotunzwa zikaja kuwa bidhaa ambayo wageni na watafiti huifuata miongo mingi baadaye. Hakuna aliyejua wakati huo ni ipi ingekuja kuwa adimu. Hii inagusa pia picha zako za majengo ya Wajerumani: baadhi yake yatabomoka au kupakwa rangi nyingine. Picha yenye tarehe na mahali ina mnunuzi wa kesho. Isiyo na maelezo ni ukuta tu.

Na kuhusu kuuza picha zako za Amboni na madau kwa kuchapisha na kutundika: inawezekana, taratibu. Kamera yako hutoa picha ya vitone 6000 kwa 4000, ambavyo kwa uchapaji safi wa vitone 300 kwa inchi vinafika inchi 20 kwa 13, kwa hiyo A3 unaipata bila wasiwasi. Anza na hizo gesti ulizozipiga, maana kuta zao zimejaa mabango ya maporomoko ya maji ya Uswisi. Mwenye gesti akinunua picha tatu za Tanga kwa ajili ya mapokezi, umepata mauzo na tangazo kwa mpigo. Usiache picha dukani kwa ahadi ya «ikiuzwa nitakupigia» zaidi ya mbili, na andikiana.

Harusi ya mwenzako sasa. Usiikubali kama mpiga picha mkuu. Sisemi hivyo kwa kudharau uwezo wako, natazama vifaa. Una kamera moja, yenye nafasi ya memori kadi moja. Kadi ikifa saa tatu usiku hakuna nakala. Betri yake, LP-E10, imekadiriwa takriban picha 500, na harusi yenye sendofu huenda mbali zaidi ya hapo. Lenzi yako ukiivuta hadi 55 tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, yaani linaingiza mwanga kidogo, nawe utakuwa kwenye ukumbi wenye taa za zambarau zinazozunguka, bibi harusi kavaa nyeupe, bwana harusi nyeusi, mshereheshaji anawaharakisha. Kamati imechangisha, watu wamesafiri, pete inavishwa mara moja. Kisha ni mwenzako wa kazini. Picha zikiharibika utakutana naye kila asubuhi ofisini. Na bei ya kirafiki ya harusi moja huwa bei yako rasmi kwa walimu wote wa wilaya.

Mwambie hivi: «Ndugu yangu, kwa harusi tafuta mwenye kamera mbili na msaidizi. Zawadi yangu kwenu ni hii: wiki moja kabla, jioni saa kumi na moja, nitawapiga wewe na mchumba wako Raskazone, na picha moja nitawapa kwenye fremu.» Kwenye harusi yenyewe mwombe mpiga picha mkuu akuruhusu uwe wa pili, bila malipo au kwa malipo kidogo. Utajifunza anavyopanga familia kwenye picha za pamoja, jambo ambalo linahitaji sauti na heshima kuliko lenzi. Baada ya harusi kadhaa za namna hiyo utajijua mwenyewe kama unaitaka kazi hiyo. Wengi wenye mapenzi ya picha hugundua hawaitaki.

Bei inawatesa walimu kuliko watu wengine, kwa sababu mmezoea kusaidia. Chukua saa yako ya tuisheni iwe sakafu. Tuseme unaithamini kwa 10,000. Gesti ya vyumba vinane inakula saa tatu za kupiga, nne za kuhariri, moja ya kwenda na kuzungumza: 80,000. Ongeza usafiri na bando 10,000, na 15,000 ya kuchakaa kwa vifaa, unafika 105,000. Mwenye madera, vipande 30 kwa 1,500 kila kimoja, 45,000. Wazee wawili, 30,000 kila mmoja pamoja na kusafisha na fremu, 60,000. Jumla 210,000. Toa usafiri na bando, toa 20,000 za picha na fremu, weka kando zile 15,000 za vifaa, unabaki na 165,000, kwa saa kama kumi na nane za kazi zilizogawanywa kwenye wikendi nne. Namba hizi ni za mfano, soko la mtaani kwako litazirekebisha. Kinachotakiwa ni kujua kila namba imetoka wapi ili mteja akisema «punguza» ujue unapunguza nini. Punguza idadi ya picha au vyumba, usipunguze saa yako. Na tegemea miezi ambayo gesti haitapatikana kabisa.

Mapatano yawe kwenye WhatsApp, mafupi, kabla hujatoka nyumbani. Mfano: «Habari dada. Tumekubaliana: vipande 30, picha moja kila kipande, zitakuwa tayari Jumatano jioni. Bei 45,000, nusu leo, nusu nikikuonyesha. Marekebisho mara moja bure. Ninaruhusiwa kuonyesha baadhi kwenye ukurasa wangu. Ukikubali nijibu SAWA.» Hiyo SAWA imeokoa urafiki mwingi. Kuhusu nani mwenye hakimiliki, Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi ya COSOTA, lakini usingoje kufika huko: andika kwenye ujumbe huo huo mteja atazitumia wapi. Picha za gesti kwa ajili ya ukurasa wa gesti ni jambo moja, kampuni ya bia ikizitaka kwa bango ni malipo mengine. Unapozikabidhi zitume kwa Google Drive, au WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ukizituma kama picha za kawaida zinabanwa na mteja atakulaumu kwa ukungu usio wako.

Vifaa: usinunue kamera mpya. Cha kwanza kununua ni betri ya pili na kadi mbili za kuaminika, kisha diski ya nje ya kuhifadhia. Baada ya hapo lenzi ya 50 mm f/1.8, iliyo miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon; ikifunguliwa yote inaingiza mwanga takriban mara kumi ya lenzi yako inapokuwa 55, na kwa wazee karibu na dirisha utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ukiinunua mtumba, mulika tochi ndani yake. Hapa pwani kuvu huota kwenye vioo kama utando wa buibui, na lenzi yenye kuvu ni ya kukimbia hata kwa nusu bei. Zako zitunze kwenye dumu la plastiki linalofunga vizuri, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Begi la kitambaa chini ya kitanda ndiko kuvu inakozaliwa. Ukirudi kutoka baharini futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kuweka.

Kuna mambo ya ridhaa ambayo wewe kama mwalimu lazima uwe mkali nayo zaidi ya wengine. Wanafunzi wako wasiwe wateja wako, wala wasiwe kwenye ukurasa wako. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu wake, na mzazi atajiona analazimishwa kununua picha ya mahafali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Majirani zetu wameshaonyesha uzito wa jambo hili: Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 za huko kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja milioni 1.85 kwa kubandika picha ya mteja wake bila ruhusa. Wavuvi nao waombe kwanza, hasa ukiwa unauza. Bandarini na karibu na kambi au vituo vya polisi usinyanyue kamera bila kibali. Amboni, siku ukienda na mteja anayelipa, waambie wasimamizi mapema kwamba ni kazi ya biashara na uulize ada yake. Droni iache kwanza. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha ulinzi, na gharama yake haiendani na laki mbili unazozitafuta.

Mwisho ni hesabu za serikali. Mwambie mkuu wako wa shule kwamba unafanya kazi ya picha wikendi, na kwa vifaa vyako. TIN ya TRA hutolewa bure, na hoteli au shirika lolote linalojiheshimu litakuuliza. Usiige anavyolipa mwenye duka jirani: wewe tayari una mshahara unaokatwa kodi, kwa hiyo nenda ofisi yao ukaulize hali yako mahsusi, na halmashauri ukaulize kuhusu leseni kabla hujatundika kibao. Taasisi ikikulipa kwa huduma itakuzuilia asilimia 5 ya kodi. Ukiona umepewa 95,000 badala ya laki, usigombane, dai cheti cha kodi iliyozuiliwa na ukiweke pamoja na risiti zako za betri, kadi na fremu, kwa sababu siku ya kufanya hesabu za mwaka hicho ndicho kithibitisho kwamba elfu tano yako ilishalipwa.